Msumeno Uliokufa Zamu Yetu

Kwetu msumeno wa injini ulikuwa na heshima kuliko mimi. Mimi nililala kwenye kochi la sebuleni, miguu nimeikunja kwa sababu kochi lenyewe ni la watu wawili, nao ulilala kwenye stuli yake karibu na redio, umetandikiwa kitambaa cheupe cha kufuma na kufunikwa kingine. Vitambaa hivyo mama alivifuma kwa ajili ya makochi, kisha makochi yakanyang'anywa, vikapewa msumeno. Mgeni akiingia aliambiwa, "Karibu, keti, angalia tu usiuguse huo." Halafu mimi naambiwa, "Inuka, mgeni akae."

Haukuwa hata wetu. Ulikuwa wa kikundi cha baba, wachongaji waliokodi kibanda kimoja upande wa soko la Gikomba, kila mtu na meza yake, wakichonga twiga, vifaru na vijiko vya saladi vya kuwauzia wazungu. Watu wengine mtaani walikuwa na vikundi vya kuzungushiana pesa. Kina mama wa kanisa letu walizungushiana sufuria. Baba na wenzake walizungushiana msumeno. Unakaa wiki kwa mtu mmoja, anakata magogo yake, halafu unahamia kwa mwingine. Kuuacha kibandani hakuna aliyefikiria. Gikomba ukiacha kitu chako jioni, asubuhi utakikuta kinauzwa hatua chache kutoka pale, na muuzaji atakuambia kwa kuwa ni wewe atakupunguzia.

Siku ya kuhama ilikuwa kama siku ya kupeleka bibi harusi. Msumeno ulifungwa leso, ukapandishwa mkokoteni, ukafikishwa mlangoni, na hapo lazima pawe na chai na mkate na maombi. Mwenyekiti wa kikundi ndiye aliyeomba. Aliuombea msumeno maisha marefu kwa bidii ambayo sijaisikia akimwombea mgonjwa yeyote. Alitaja mnyororo, akataja plagi, akataja hata kamba ya kuwashia. Mimi nilikuwa nikifungua jicho moja kuona kama kuna mwingine anayetaka kucheka. Hakukuwa na yeyote. Wote walikuwa wamekunja uso kama wanaumwa na jino.

Na tangi lazima liwe limejaa. Hilo lilitoka kwa akina mama. Kwetu jirani akikuletea githeri kwa bakuli, bakuli hulirudishi likiwa tupu, unatia chochote, hata nyanya mbili. Basi wakaona msumeno nao ni bakuli. Aliyekuwa nao wiki hiyo anaujaza petroli kabla ya kuupeleka kwa mwenzake, na aliyeletewa ataanza kazi na petroli hiyo hiyo. Kuimwaga ukaweka yako ni matusi. Ni kama kumtupia mbwa chapati za jirani huku jirani anakutazama.

Sheria ilikuwa moja tu. Msumeno ukifa kwako, unatoka kikundini na meza yako anapewa mwingine. Walijiwekea sheria hiyo kwa furaha siku waliyoununua, kila mmoja akiwa na hakika kwamba atakayeuua ni mwenzake. Baba hakuwa na kazi nyingine Nairobi. Bila ile meza, tungefunga vitu turudi Ukambani, nami ningeacha shule nikiwa kidato cha tatu, maana ada yangu ilitoka kwenye matumbo ya vifaru. Niliambiwa hivyo mara nyingi, hasa nilipopata alama mbaya.

Wiki ile msumeno ulitoka kwa Mwenyekiti. Huyu kabla ya kuwa mchongaji alikuwa dereva wa lori, na udereva haukumtoka kamwe. Alishika nyundo ya kuchongea kama anashika gia. Mazungumzo yake yote yaliishia kwenye petroli. Siku zile watu walilalamika sana kwamba vituo vinachanganya petroli na mafuta ya taa, na Mwenyekiti alijiona ndiye nabii aliyetumwa kutuonya. Hadithi yake ya lori lililokufa kwenye mlima wa kuingia Machakos kwa sababu ya petroli chafu tuliisikia hadi tukaijua kwa moyo. Kila akiisimulia, mlima uliongezeka urefu.

Jumamosi hiyo Mwenyekiti alikuwa amekwenda matangani kwao, kwa hiyo msumeno uliletwa na mke wake. Nilimfungulia mlango mimi. Baba alikuwa nyuma akinoa tezo, mama alikuwa kwenye foleni ya mfereji. Mimi na watu wazima hatuelewani; wakinitazama, maneno yananiishia mdomoni na ninatazama viatu vyao. Vya Mama Mwenyekiti vilikuwa vya kanisani, vyeupe, amevivaa kusindikiza mkokoteni.

"Mama yako yuko wapi?"

"Mferejini."

"Mwambie baba yako nimeuleta umeshiba. Na nimeujaza mwenyewe. Si petroli ya kuchanganywa na kitu, sikia. Nilisimama pale kituoni nikamwambia yule kijana, nitilie safi, moja kwa moja, na ukinichanganyia chochote mume wangu ataijua kwa harufu."

"Asante," nikaviambia vile viatu.

"Huyu msichana wenu hasemi? Ulimi umeuweka rehani?"

Nikachukua msumeno. Ulikuwa mzito na ulinuka. Mama Mwenyekiti akaingia, akapanga mwenyewe kile kitambaa juu ya stuli kwa sababu niliweka kimepinda, akakataa chai, akaenda zake. Maombi siku hiyo hayakuwapo, mwenye kuomba alikuwa safarini. Baadaye wapo waliosema ndiyo sababu.

Gogo la baba lilikuwa mbele ya nyumba, jakaranda nene iliyong'olewa kando ya barabara na kuletwa na watu wa mkokoteni. Lilikuwa limeziba nusu ya njia, na majirani wote walikuwa wamelilalamikia na kulikalia. Alasiri baba akatoka na msumeno, amevaa koti lake la mvua ingawa kulikuwa na jua, eti vumbi. Watoto wakaja. Vijana ambao hushinda wameegemea ukuta wa duka wakahamia kwenye ukuta wetu.

"Niaje mzee. Leo ni kazi?"

"Leo ni kazi."

"Tukatie na sisi ka-stuli, tumechoka kusimama."

"Tafuteni kazi, mtachoka kukaa," baba akasema, na wakacheka. Baba akiwa na msumeno mkononi alikuwa mtu mwingine. Alijibu watu.

Akavuta kamba, ukawaka, akakata kipande cha kwanza vizuri kabisa. Kipande cha pili akafika katikati. Hapo sauti ikabadilika. Ilipanda juu, nyembamba, kama mtoto anayelia akikaribia kukosa pumzi, kisha ikashuka ghafla, na msumeno ukasimama ndani ya mti. Si kuzimika, kusimama. Baba akauchomoa, akavuta kamba. Kamba haikuja. Akaweka mguu, akavuta tena. Ilikuwa kama amefunga kamba kwenye nyumba na anajaribu kuisogeza.

"Buda, hiyo imeenda," kijana mmoja akasema.

"Imenoki," akasema mwingine.

"Mwagia maji."

"Ipige teke hapo kando. Ya mjomba hupigwa teke."

"Mjomba wako ana msumeno?"

"Ana redio."

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Niliwachukia sana, na nilimchukia baba pia, kwa sababu alikuwa amesimama pale na koti lake la mvua akitabasamu kidogo, tabasamu la mtu ambaye anatukanwa na anataka kuonekana yumo kwenye mzaha. Akauinua msumeno kwa mikono miwili, akaubeba ndani. Nusu ya gogo ilibaki imekatwa, nusu haikukatwa, na watoto wakaanza kuingiza vijiti kwenye ule ufa.

Ndani hakuuweka kwenye stuli. Aliuweka sakafuni juu ya gunia, akakaa mbele yake. Nilitegemea angeanza kuugonga. Nikiri tu kwamba sikuwa na imani naye. Baba ni mtu ambaye saa ya ukutani ikisimama huigeuzia ukutani isimwone. Lakini alisubiri. Alisema injini ikiwa moto unaweza kudanganyika, huenda imevimba tu. Tulisubiri ikapoa mpaka mama akaweka mkono juu yake bila kuuondoa. Akavuta kamba. Haikuja.

Basi akaanza nje akielekea ndani. Kwanza akatazama breki ya mnyororo, maana mtu anaweza kulia injini imekufa kumbe ameisahau breki. Haikuwa imefungwa. Akafungua kifuniko cha kando, akatoa mnyororo na ule ubao wa chuma unaozungukwa nao, kama tatizo liko huko kamba itavutika sasa. Haikuvutika. Akatoa plagi. Alisema wakati mwingine petroli hujaa kule ndani ikaizuia pistoni, ukitoa plagi inaruka nje na mambo yanaisha. Hakikuruka kitu. Kila hatua alinieleza kwa sauti ya chini bila kunitazama, kama anayejieleza mwenyewe, na skrubu zote akaziweka kwenye kisahani cha chai. Mama alikiona kile kisahani akanyamaza, na hapo nikajua hali ni mbaya.

Mwisho akafungua ekzosi. Ukiitoa, kunabaki tundu ambalo ukichungulia unaiona pistoni yenyewe. Baba macho ya karibu hayamsaidii. Akaniita nitazame.

"Unaona nini?"

"Chuma."

"Kikoje? Laini?"

Hakikuwa laini. Kilikuwa na michirizi mirefu kutoka juu hadi chini, mingi, kama mtu amekiburuta kwenye changarawe. Nikamwambia. Akaingiza kidole, akakitoa, akakipangusa kwenye karatasi. Hakuna alama.

"Umekimbia mkavu," akasema.

Nikamuuliza mkavu vipi na tangi lilikuwa limejaa. Akanieleza kwamba gari lina mahali pake pa kuweka oili, lakini injini ndogo kama hii haina. Oili yake inachanganywa na petroli humo humo, inakunywa vyote pamoja. Ndiyo maana yeye hupima oili kwa chupa ya dawa ya kikohozi na kuikoroga kwenye jerikeni kabla ya kujaza. Ukiinyima oili, chuma kinasugua chuma, kinapata moto, kinavimba, na pistoni inashikana na ukuta wake hapo hapo. Kilichobaki kwenye tangi akakimimina kwenye jagi la plastiki, tukakitazama. Kilikuwa cheupe kama maji.

Ndipo nikamwambia maneno niliyoambiwa mlangoni. Safi, moja kwa moja, bila kuchanganywa na chochote. Nilipomaliza nilidhani angeruka juu. Alikaa tu, ameshika bisibisi.

"Alikuwa anatutendea vizuri," akasema.

"Ameuua."

"Mwenyekiti mwenyewe huchanganya oili. Angekuwapo angechanganya. Mama wa watu amesikia habari ya petroli ya kuchanganywa kutwa kucha, amechukia mchanganyiko wote."

"Si uwaambie basi."

"Nimwambie Mwenyekiti kwamba mke wake, alipotuletea zawadi, ameua mali ya kikundi? Mbele ya watu?" Akatikisa kichwa. "Wewe usiseme kitu."

Kuniambia mimi nisiseme kitu ni kama kumwambia samaki asitembee. Lakini nilikasirika. Tungefukuzwa Nairobi kwa sababu ya adabu. Nilimtazama baba akikunja vile vitambaa vya stuli vizuri, pembe kwa pembe, nikaona kwamba hivyo ndivyo atakavyotoka kwenye ile meza yake, polepole, akiomba radhi kwa kupita.

Jumapili baada ya kanisa kikundi kikaja chote. Mwenyekiti alikuwa amerudi kutoka matangani, na mke wake alikuja pia, akapitiliza jikoni moja kwa moja kumwambia mama kwamba chai imezidi maji. Wanaume wakakaa sebuleni, msumeno katikati kwenye gunia, wakiutazama kama maiti ya mtu aliyekuwa na deni. Sebule yetu ilikuwa imetenganishwa na jikoni kwa pazia, kwa hiyo nilisikia kila kitu, na pembeni mwa pazia niliwaona.

Kabla ya kumhukumu baba ilibidi kwanza kila mmoja aoneshe kwamba anajua injini. Mzee mmoja akavuta kamba mpaka akaangukia mapajani mwa mwenzake. Mwingine akasema iwekwe kwenye maji moto. Mwingine akataka mafuta ya ng'ombe, kwa sababu mafuta ya ng'ombe yalimfungulia kufuli. Katibu, ambaye siku za wiki alikuwa karani mahali fulani na alichonga Jumamosi tu, alikuja na kijitabu cha msumeno. Kilikuwa kwa lugha ya kule ulikotengenezwa. Hakuna aliyeijua, naye hakuijua, lakini alikisoma.

"Hapa wanasema," akaanza, akiweka kidole chini ya picha, "mtu huyu anavaa kofia."

"Endelea," Mwenyekiti akasema.

"Hapa amekatazwa kusimama juu ya ngazi."

"Fundi, ulisimama juu ya ngazi?"

"Gogo lilikuwa chini, Mwenyekiti," baba akasema.

"Jibu swali."

"Sikusimama juu ya ngazi."

Wakaafikiana kwamba haikuwa ngazi. Mwenyekiti akainama, akanusa msumeno mbele na nyuma, akafumba macho kama anayeonja supu.

"Umeupa kazi nzito," akasema. "Ulikuwa unakata mti gani?"

"Jakaranda."

"Jakaranda ya siku hizi imekuwa ngumu."

Watu wazima wenye familia, wanaojua mti kuliko wanavyowajua watoto wao, wakaitikia kwa vichwa kwamba jakaranda imekuwa ngumu. Jakaranda unaweza kuikwaruza kwa ukucha. Nilikuwa nimesimama jikoni na mkate mkononi na nikasikia uso wangu ukichemka.

"Sheria tulijiwekea wenyewe," Mwenyekiti akaendelea, sasa kwa sauti ya kusikitika. "Si mimi niliyeiweka. Umefia kwa nani?"

Nikamngoja baba. Nilisema moyoni, sema sasa. Baba akakohoa.

"Umefia kwangu," akasema.

Nikatoka nje kwa mlango wa nyuma. Jagi lilikuwa pale chini ya karo, na jerikeni ya baba ilikuwa kando yake na mchanganyiko wake wa siku zote, ule wenye rangi. Nilichukua gazeti la kufungia mkate. Kila mtu aliyewahi kununua mandazi anajua gazeti likipata mafuta linakuwaje. Linakuwa na dirisha, unaona vidole vyako upande wa pili, na dirisha hilo halikauki ng'o. Nikadondoshea tone la jagi upande mmoja na tone la jerikeni upande mwingine, nikalipepea. Tone la jagi likakauka, karatasi ikarudi kama ilivyokuwa. La jerikeni likaacha duara lake la mafuta, wazi kabisa.

Sikuwa na mpango wa kusema. Niliweka lile gazeti kwenye trei kati ya chupa ya chai na mkate, nikaingia sebuleni, nikaweka trei mezani mbele ya Mwenyekiti. Nilidhani wataona. Walikuwa wanaume na walijua mafuta, wataona.

Katibu akalichukua, akalinyoosha.

"Hii ni ya Jumatano," akasema. "Kumbe walifungwa tena."

"Nani?"

"Timu yetu. Mabao matatu."

"Kipa ni yule yule?"

"Ni yule yule."

Wakaanza habari za kipa. Naapa, baba alikuwa anapoteza meza yake na walikuwa wanajadili kipa, huku wanashika mkate kwa vidole vilivyonuka petroli. Nikabaki nimesimama. Mama Mwenyekiti alikuwa amefungua pazia, anaangalia kama nimegawa vikombe sawa. Sijui sauti ilitoka wapi. Ilitoka ndogo sana.

"Si habari. Ni hayo matone."

"Eti?" Mwenyekiti akasema.

"Hili la huku ni la tangi. Limekauka. Hili ni la jerikeni ya baba, lina oili, halijakauka." Nilikuwa naviambia viatu vyake. "Kwa tangi hakukuwa na oili."

Katibu akaligeuza gazeti, akaliinua kwenye mwanga wa dirisha. Duara likang'aa. Wengine wakasogea. Baba alikuwa ametazama mikono yake, masikio yamekuwa meusi zaidi, na nilijua ananiombea nipotee pale pale.

"Kwa hiyo ulisahau oili," Mwenyekiti akamwambia baba. Alifurahi kabisa. "Si unaona sasa? Alisahau."

Hapo Mama Mwenyekiti akaingia mwenyewe, mkono kiunoni, kumtetea baba yangu.

"Msimwonee. Hakutia kitu huyo, petroli ilikuwa yangu. Nimeujaza mimi mpaka juu, na ilikuwa safi, haijaguswa na oili wala mafuta ya taa wala nini. Yule kijana wa kituo alitaka kuniuzia kichupa cha oili nikamwambia hiyo michezo yenu mpelekee mwingine. Mume wangu hapa ni shahidi, ni yeye anayetufundisha kila siku. Kama kuna petroli safi Nairobi hii, ni ile."

Alitutazama mmoja mmoja, akingoja shukrani.

Mzee wa mafuta ya ng'ombe akameza mkate bila kutafuna. Katibu akalikunja gazeti ndogo, halafu ndogo zaidi, akalitia mfukoni. Wote walikuwa wameelewa, na Mwenyekiti alielewa kuliko wote, niliona shingo yake ikizama kwenye kola. Mke wake peke yake ndiye hakuelewa, na katika chumba kile kizima hakukuwa na mwanaume hata mmoja aliyekuwa na ujasiri wa kumwambia. Wale wale waliokuwa tayari kumtupa baba nje kwa ajili ya ugumu wa jakaranda.

"Petroli ya siku hizi," mzee akasema mwishowe.

"Ni hiyo," akasema mwingine. "Hata ukiomba safi hujui umepewa nini."

"Vituo vimeharibika."

"Vimeharibika kabisa. Hiyo si ya mtu kulaumiwa."

Ikawa hivyo. Katibu akatangaza kwamba msumeno umeuawa na kituo cha petroli, kisichojulikana, kwa hiyo sheria haimgusi mtu, fundi atabaki na meza yake, na pistoni itatafutwa kwa michango ya wote. Mama Mwenyekiti akasema ndiyo maana yeye husema hawa wa vituo ni wauaji. Kisha baba akasimama, akamshukuru Mwenyekiti kwa hekima yake, akamshukuru na Mama Mwenyekiti kwa kuujaza. Alisema hivyo kwa moyo. Hakuwa akikejeli, baba hajui kukejeli, mimi sijui nilitoa wapi.

Walipoondoka nilimwuliza kwa nini alimshukuru.

"Meza si imebaki?" akasema. Alikuwa akirudisha skrubu kutoka kwenye kisahani, kila moja kwenye tundu lake, ingawa zingefunguliwa tena. "Wewe ulitaka nini?"

Nilitaka Mwenyekiti apige magoti. Nilitaka sheria imfuate yeye, tuone atakavyoombea meza yake. Sikumwambia baba. Nilisema nataka kulala, akaniondolea msumeno karibu na kochi nipate kunyoosha miguu.

Jambo moja tu Katibu alilifanya lililonifurahisha, na sijui kama alilifanya makusudi, maana uso wake ni wa karani. Kabla hawajatoka alisema magogo hayawezi kungoja pistoni, kwa hiyo yatakatwa kwa msumeno wa zamani wa mkono, wa watu wawili, mmoja huku mmoja kule, na kwa kuwa gogo la fundi limeachwa nusu, kazi ianzie hapo, na Mwenyekiti awaoneshe wenzake mfano.

Jumatatu nikienda shule niliwakuta baba na Mwenyekiti mbele ya nyumba kumekucha tu. Vijana walikuwa wamesharudi kwenye ukuta wetu, kimya kwa mara ya kwanza, wakitazama. Mwenyekiti alikuwa amevua koti. Tumbo lake liliufikia msumeno kabla ya mikono. Alikuwa akisukuma wakati wa kuvuta, na kila mara chuma kilijipinda, baba akangoja kinyooke.

"Unajua, fundi," Mwenyekiti akasema, akihema, ameegemea gogo, "hata lile lori langu, pale mlimani, tatizo lilikuwa petroli."

Baba alikuwa ameshika mpini wake kwa mikono yote miwili.

"Vuta, Mwenyekiti," akasema.